Plastiki ya Hospitali Kugeuzwa Kabro Mumias? Poa, Lakini Kwanza Tuongee Kuhusu Cleaner

Ukishuka mathree pale stage ya Ekero, kando ya Mumias, plastiki ndiyo inakukaribisha. Chupa za soda kwa mtaro, vifuniko, karatasi za mkate, na hata ile mifuko ya nailoni ambayo serikali ilipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Mvua ikinyesha, na huku Western mvua haina adabu, hizo vitu zote zinabebwa na maji. Mtaro unamwaga kwa kijito, kijito kinaingia Nzoia, Nzoia nayo inateremka hadi Budalang'i kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Kwa hivyo chupa uliyotupa Ekero inaweza kumsumbua mvuvi ambaye hajawahi kukanyaga Mumias.

Sasa kuna wazo ambalo wasee wengi wanalipenda: kusanya hiyo plastiki, ichanganye na mchanga, toa kabro. Vijana wapate doo, mtaa uwe safi, barabara za soko zisiwe matope tena. Nani atakataa?

Mimi sikatai. Lakini ukifuata hiyo plastiki mpaka mahali inatoka kwa wingi, utajikuta hospitalini. Na hapo ndipo stori inabadilika kabisa.

Vuta picha umelaza mamako wodini. Dripu inaisha, nurse anaitoa, anatundika ingine. Ile ya kwanza inaenda wapi? Karatasi ya plastiki iliyoifunika inaenda wapi? Ongeza sirinji, glavu, mirija, chupa ya maji uliyomnunulia kwa geti, kontena ya uji uliyotoka nayo home. Halafu kuna mitungi: ya klorini ya kuoshea sakafu, ya sabuni, na ile ya maji ya dialisisi. Mgonjwa wa figo huenda kuoshwa damu mara mbili kwa wiki, na kila kikao kinakula lita kadhaa za hayo maji ya dawa. Hiyo mitungi ni plastiki ngumu, safi, nzuri sana. Ni mali.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema karibu asilimia 85 ya takataka za hospitali ni za kawaida, kama tu zile za kwako nyumbani. Asilimia 15 ndiyo hatari: zenye damu, zenye viini, sindano, kemikali. Ukisikia hivyo unaona ni rahisi. Chukua 85, acha 15, peleka kwa mashine.

Shida ni ndoo. Ukitupa bandeji moja yenye usaha ndani ya ndoo ya chupa za maji, hiyo ndoo yote imeharibika. Hakuna mtu mwenye akili timamu atachambua. Yote inakuwa taka hatari na inaenda kuchomwa. Ndiyo maana hospitali za Kenya zinafaa kuwa na rangi tofauti: mfuko mweusi wa taka ya kawaida, wa manjano wa taka yenye viini, mwekundu wa ile hatari zaidi, na boksi ngumu la sindano. Ukiwa wodini siku nyingine angalia. Mara nyingi utapata mfuko mweusi umeisha, kwa hivyo wa manjano unabeba kila kitu, mpaka ganda la ndizi.

Na kuchoma si suluhisho la maana vile tunafikiria. Hospitali nyingi ndogo huwa na tanuri la matofali la kuchomea taka, moshi unatoka juu na unaelekea kwa majirani. Mirija na mifuko mingi ya dripu imetengenezwa kwa plastiki inayoitwa PVC, ambayo ndani yake kuna klorini. Ukiichoma na moto ambao haujafika joto la kutosha, unatengeneza daioksini, sumu ambayo inaweza kusababisha saratani na inakaa kwa mafuta ya mwili miaka na miaka. Ng'ombe wa jirani anakula nyasi yenye hilo jivu, wewe unakunywa chai ya maziwa.

Kwa hivyo, kabro? Ngoja kwanza.

Si kila plastiki ni kabro

Kenya iko na mfano mzuri hapa. Nzambi Matee, mhandisi wa materials, alianzisha Gjenge Makers pale Nairobi na mwaka wa 2020 akatajwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, kama mmoja wa vijana mabingwa wa dunia. Yeye huyeyusha plastiki, anachanganya na mchanga, kisha mashine inakandamiza. Alisema kabro zake ni ngumu mara 5 hadi 7 kuliko za zege. Mwanzoni mwa 2021 kiwanda chake kilikuwa kinatoa takriban 1,500 kwa siku.

Lakini angalia anachotumia: mitungi ya maziwa na shampoo, mifuko, ndoo, vifuniko, kamba. Hizo ni plastiki zinazoyeyuka kati ya nyuzi 110 na 160 hivi bila drama. PVC ni mnyama mwingine. Ukiipasha joto sana haiyeyuki tu, inaanza kuvunjika na kutoa mvuke wa asidi. Hiyo asidi inakula mashine na inakula mapafu ya kijana anayekoroga. Kwa hivyo mrija mmoja wa dripu ukiingia kwa sufuria ya mitungi safi, umechoma mapafu ya mtu kwa sababu ya kabro.

Kuna njia ya pili ambayo watu huchanganya na hii. Wanafunzi wa uhandisi kwa vyuo vyetu hupenda sana kuiandikia project: unasaga plastiki vipande vidogo, unaiweka kwa zege badala ya sehemu ya mchanga, asilimia 5, 10, 15, unamwaga vibonge, unangoja siku 28, unavipasua kwa mashine. Matokeo kawaida yanafanana: ukiongeza plastiki, nguvu inashuka, kwa sababu simiti haishiki vizuri kitu laini. Kwa njia ya watu kupita ni sawa. Kwa nguzo ya ghorofa, usijaribu. Na ukuta wa nyumba una swali lingine kabisa, la moto. Tunajua vile nyumba za mtaani hushika moto.

Hizo project hazina ubaya. Ubaya ni kwamba nyingi zinaanza na plastiki ambayo tayari ni safi, imechambuliwa, imekaa kwa gunia ndani ya maabara. Mtu wa kwanza kwa mnyororo hayuko kwa hiyo ripoti.

India walitoka maabara wakafika barabarani. Profesa Rajagopalan Vasudevan, wa chuo cha uhandisi cha Thiagarajar kule Madurai, aligundua unaweza kunyunyiza plastiki iliyosagwa juu ya kokoto moto, ikazifunika kama utando, ndipo umwage lami. Barabara ya kwanza ikajengwa mwaka wa 2002, na 2015 serikali ya India ikaagiza plastiki itumike kwa barabara za karibu na miji mikubwa. Mwalimu wa chuo, si bilionea. Lakini aliungwa mkono na serikali iliyokubali kutumia alichobuni.

Huyu mama mwenye ndoo

Sasa turudi wodini. Ni nani anaamua kama mtungi wa dialisisi utakuwa kabro ama moshi? Si daktari, si mkuu wa hospitali. Ni cleaner. Mara nyingi ni mama wa mtaa, ameajiriwa na kampuni ya kontrakti ama ni kibarua wa kaunti, anaamka saa kumi usiku, anapanda nduthi, na akifika anapewa glavu nyembamba za kupimia wagonjwa badala ya zile nzito za mpira.

Wakati watu wanaongea "huduma za hospitali" wanafikiria daktari na dawa. Lakini dobi, jikoni, usafi, mochari, wale wanaosukuma vitanda: hao ndio hufanya hospitali iwe hospitali. Wakigoma siku tatu, hakuna upasuaji. Na bado ndio wa mwisho kufunzwa, kuchanjwa na kulipwa.

Hapa hatari ni ya ukweli. Ukidungwa na sindano iliyotoka kwa mgonjwa wa hepatitis B na wewe hujachanjwa, uwezekano wa kuambukizwa unaweza kufika 30 kwa 100. Kwa hepatitis C ni kama 1.8, kwa HIV ni 0.3. Umeona hiyo ya kwanza? Na ndiyo iko na chanjo. Sasa mwambie huyu mama achambue plastiki kwa mkono ili kikundi fulani kipate kabro, na hajapata hata dozi moja. Hiyo si hustle, ni kumtoa kafara.

Na kama ataongezewa kazi ya kuchambua, nani anachukua pesa? Nimeona miradi mingi ya takataka ikianza kwa makofi. Mwenye mashine anapata, mwenye pickup anapata, chuo kinapata picha ya gazeti. Aliyeinama anapata asante. Baada ya miezi mitatu anarudi kwa ndoo moja, na simlaumu.

Afrika Kusini wamejaribu kwa njia ambayo inaeleweka. Hospitali za Netcare na kampuni ya Adcock Ingram Critical Care zilianza kukusanya mifuko ya dripu ambayo haijagusana na damu wala viini, zikaipeleka kutengenezwa viatu vya shule. Mifuko kama 20 na mirija yake inatoa pea moja. Angalia vile wamefikiria: kitu kimoja tu, kinachotambulika kwa macho, kinatengwa pale pale kitandani kabla hakijaingia ndoo yoyote. Na hiyo PVC haikupelekwa kwa sufuria ya mchanga, ilipelekwa kwa kiwanda kinachoijua.

Kwa maoni yangu, Mumias na Kakamega yote ingeanza hivyo hivyo, na mitungi. Mtungi una faida kubwa: unaonekana, si rahisi kuchanganya na sindano, unaoshwa, unahesabika. Tena saa hii mingi inaishia sokoni, watu wanabebea maji na maziwa bila kujua ilikuwa na nini. Wodi ziachwe kwanza. Anza na stoo, jikoni, maabara ya maji ya dialisisi na duka la dawa, sehemu ambazo mgonjwa hafiki. Pima kwa kilo, andika kwa kitabu, na sehemu ya mauzo iingie kwa mshahara wa cleaner, si kwa mfuko wa "welfare" ambao hakuna anayejua uko wapi.

Sheria ipo. Sheria ya taka ya mwaka wa 2022 inataka taka itenganishwe pale inapotoka, na kaunti ziwe na vituo vya kuzichambua. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya misitu iliyohifadhiwa, na msitu wetu wa Kakamega ni mmojawapo. Kwa hivyo mtalii akiingia na chupa ya maji anasimamishwa, lakini hospitali kilomita chache kutoka hapo haina hata mfuko mweusi.

Kisha kuna mnunuzi. Kabro zikitoka, nani ananunua? Kaunti yenyewe ndiyo inajenga masoko, stage za boda na vituo vya afya. Kuna ile hospitali ya rufaa ya vitanda 750 iliyoanzishwa Kakamega enzi za gavana Wycliffe Oparanya, ambayo imechukua miaka na miaka. Hospitali kama hiyo inahitaji njia za kupita na parking. Ikiandikwa kwa tenda kwamba sehemu ya kabro zitoke kwa plastiki iliyokusanywa hapa, na zipimwe na KEBS kwanza, kijana wa Ekero atapata sababu ya kununua mashine. Bila hiyo oda atanunua kwa mkopo na mashine itakaa chini ya mabati kama trekta za miwa zilivyokaa baada ya Mumias Sugar kuwekwa chini ya mrasimu mwaka wa 2019.

Mikutano ya umma ya bajeti ya kaunti huwa kila mwaka, na huwa na viti vingi tupu. Ukienda, usiulize kwanza kuhusu mashine ya kuyeyusha. Uliza cleaners wangapi wa hospitali zetu wamepata dozi zote 3 za chanjo ya hepatitis B, na glavu nzito zimetengewa pesa ngapi.