Usalama Gani Huu Unaomwogopa Mkimbizi?

Iko hoja moja inayotembea siku hizi katika Afrika Mashariki yote, nayo imevaa nguo safi na kupiga hodi kwa adabu. Yasema hivi: nchi ikiingiliwa na wauaji wenye siasa kali, haki za binadamu zikae kando kwanza, wauaji wamalizwe, kisha haki zirudi mahali pake. Tumeisikia hoja hiyo ikitoka Nairobi, tumeisikia Kibiti, tumeisikia kwenye mto Ruvuma, na hapa kwetu Manyovu tumeisikia hata tumechoka. Sisi hatuikubali. Twasema wazi kwamba ni hoja ya mtu ambaye hajapata kuamka usiku akakuta jirani wa ng'ambo amesimama uani na watoto watatu na sufuria moja.

Asiyepajua Manyovu ajue kwamba ni nchi ya milima, migomba, kahawa na maharage, huku mwisho wa wilaya ya Buhigwe, iliyokuwa zamani sehemu ya Kasulu. Ukivuka forodha uko Mugina, na Mugina ni Burundi. Mpaka ule haukuwekwa na Muha wala Mrundi. Mjerumani alizitawala pande zote mbili. Aliposhindwa katika vita ya 1914 hadi 1918, Mbelgiji na Mwingereza wakagawana, huyu akachukua Urundi, huyu akachukua Buha, na mstari ukapita juu ya vilima bila kumwuliza mtu. Kiha na Kirundi husikilizana bila mkalimani. Watu wameoana, wamelimiana mashamba, wamezikana. Kwa hiyo Burundi inapowaka moto sisi hatungoji kuletewa habari. Twaziona habari zenyewe zikishuka kilima kwa miguu.

Tuliziona 1972. Aprili mwaka ule waasi wa Kihutu waliwaua Watutsi kusini ya Burundi, na serikali ya Micombero ikajibu si kwa kuwatafuta waasi, bali kwa kuwatafuta Wahutu wote waliojua kusoma: walimu, makarani, wanafunzi, mapadri. Wanaohesabu wafu wale husema laki moja, wengine laki mbili, wengine tatu. Tuliziona tena Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa na wananchi miezi michache tu kabla, alipouawa na wanajeshi wa nchi yake; Wahutu wakawaua majirani zao Watutsi, jeshi likalipiza kwa Wahutu, na mito ya watu ikaelekea kwetu. Tuliziona mara ya tatu 2015, Rais Nkurunziza aliposhikilia muhula wa tatu, na vijana wa chama chake, Imbonerakure, wakageuka kuwa macho na marungu ya utawala. Mwezi Mei mwaka ule makumi ya maelfu walirundikana Kagunga, kijiji kidogo kando ya Ziwa Tanganyika, kipindupindu kikawaingia, na meli kuukuu ya Liemba ikawa inawachota huko na kuwaleta Kigoma mjini. Wengine walipita hapa hapa Manyovu. Kwa jumla walioingia Tanzania katika mkasa ule walizidi 200,000.

Sasa tuulize: katika habari zote tatu, ni nani aliyekuwa na siasa kali? Wakubwa wanapotaja siasa kali hupenda kumfikiria mtu wa msituni mwenye bendera nyeusi. Wapo watu hao, nao ni wauaji kweli. Hatuwatetei hata kwa neno moja. Lakini wengi wa wauaji waliowaleta Warundi kwetu walivaa magwanda ya serikali, walipokea mshahara wa serikali na kutumia risasi za serikali. Tume ya Umoja wa Mataifa iliyochunguza mambo ya Burundi ilisema Septemba 2017 kwamba kuna sababu za kutosha za kuamini kuwa yaliyotendeka huko tangu 2015 ni jinai dhidi ya ubinadamu. Basi wanaotuambia tuiachie serikali mikono yote, wala tusiulize, kwa kuwa nchi i katika hatari, watueleze: Mhutu wa 1972 angeiachia serikali yake mikono mingapi?

Tuliwahi kulijibu vizuri jambo hili. Waliokuja 1972 walipewa mapori ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakayafyeka, wakalima, wakalipa kodi, wakasomesha watoto. Mwaka 1973 ndege na askari wa Burundi walishambulia vijiji vyetu vya mpakani na kuwaua wananchi. Ingekuwa leo, labda lawama ingeangukia wakimbizi. Wakati ule Tanzania haikuwafukuza. Na mwaka 2014 wapatao 162,000 katika watu wale na wazao wao walikabidhiwa hati za uraia, jambo ambalo nchi nyingi tajiri hazijalifanya wala kuliota. Tena sheria ilikuwapo, nayo si sheria ya Wazungu: Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliotiwa sahihi Addis Ababa Septemba 1969, unaosema kwamba kumpa mtu hifadhi si uadui kwa nchi aliyotoka, na kwamba mkimbizi harudishwi kwao pasipo hiari yake. Wanaosema haki za wakimbizi ni maneno ya kigeni wakausome mkataba huo. Uliandikwa na Waafrika waliokuwa wakiwahifadhi wapigania uhuru wa Msumbiji na Afrika Kusini.

Kisha mlango ukaanza kufungwa. Machi 31, 1995 mpaka na Burundi ulifungwa. Mwaka 1997 Warundi waliokuwa wakiishi vijijini karibu na mpaka, wengine kwa miaka mingi, walizolewa na kupelekwa makambini. Baadaye ikaja amri ya kutotoka zaidi ya kilometa nne kutoka kambini bila kibali. Januari 2017 Warundi wakaacha kupokelewa kwa jumla kama wakimbizi. Agosti 2019 serikali mbili zilitia sahihi mapatano ya kuwarejesha, na mashirika ya haki za binadamu yalipoyapata maneno yake yalionyesha imeandikwa kwamba watarudi ama kwa hiari ama bila hiari. Masoko ya makambini yakafungwa. Huo ndio ufundi wenyewe, ndugu: humfukuzi mtu, wamfungia soko tu, mgao wa chakula unapungua, halafu wamwuliza, je, sasa una hiari? Novemba 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa ya wakimbizi wa Kirundi waliokamatwa mkoani Kigoma, wakateswa, wengine wakavushwa mpaka na kutiwa mikononi mwa serikali waliyoikimbia, na wengine wasijulikane walipo. Mwaka uliofuata kambi ya Mtendeli ilifungwa.

Hatusemi kwamba wageni hawa hawakutugharimu. Miti ya Kasulu na Kibondo imekwisha kwa kuni. Majambazi wenye bunduki wameteka magari katika barabara zetu, na katika miaka ya 1990 vikundi vya waasi viliandikisha vijana ndani ya makambi. Anayekana hayo anadanganya. Wala hatuwasamehi matajiri wa dunia, wanaotutumia mahubiri huku fungu la wakimbizi wa Burundi likiwa miongoni mwa mafungu yaliyochangiwa kidogo kabisa ulimwenguni, nao wenyewe wakiwaacha watu wazame katika bahari ya Mediteranea. Mkoa wetu ni maskini nao umebeba mzigo wa wengi. Lakini jambazi ana jina lake na ana mikono yake. Mkamate huyo, mpeleke kortini Kasulu, tutakuja kutoa ushahidi. Mjane wa Makamba anayeuza dagaa kambini ana hatia gani ya bunduki?

Na tuitazame faida ya njia hiyo ya mkato, maana wakubwa wale hudai wanasema mambo ya akili wakati sisi twasema ya huruma. Kenya, Aprili 2014, baada ya mauaji ya Westgate, polisi waliingia Eastleigh wakakamata maelfu ya Wasomali, wakawafungia katika uwanja wa Kasarani, wakimbizi na raia pamoja. Je, Al-Shabaab ilikwisha? Aprili 2, mwaka uliofuata, waliuawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Hatusemi Kasarani ndiyo iliyoleta Garissa; twasema Kasarani haikuizuia. Kwetu, Kibiti na Rufiji, wauaji waliwaangamiza polisi na viongozi wa vijiji, nayo ilikuwa dhambi kubwa. Lakini katika kuwasaka, watu walitoweka, na Novemba 2017 akatoweka hata mwandishi wa habari, Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika habari za mauaji hayo. Na huko Ruvuma, watu wa Cabo Delgado waliowakimbia wachinjaji waliotokea 2017 walifika upande wetu, na kwa maelfu wakarudishwa Msumbiji. Mtu amekimbia kisu, amekuja kwako, naye anawajua wenye visu kwa sura na kwa majina. Badala ya kumkalisha na kumsikiliza, wamrudisha kwenye kisu. Huyo angekuwa shahidi wako wa kwanza. Wa pili hatakuja, amekwisha kusikia yaliyompata mwenziwe.

Liko neno moja tena, nalo latuhusu sisi wenyewe. Mwaka 2013 ilipita Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma, ya kuwaondoa wahamiaji wasio na kibali. Waliondolewa watu waliokaa miaka mingi, wenye wake na waume Watanzania. Na anayekwenda kumsaka Mrundi katika nchi ya Waha atamjuaje? Kwa pua? Kwa lugha? Kwa namna ya kutamka? Muha hutamka kama Mrundi. Ndiyo maana watu wa Kigoma wamelalamika miaka nenda miaka rudi, na wabunge wao wamelisema bungeni, kwamba Muha akisafiri huulizwa kwao ni wapi, baba yake alizaliwa wapi, babu yake amezikwa wapi, maswali ambayo Mtanzania wa Moshi au wa Tanga hayajui. Na babu huyo, aghalabu, aliondoka hapa kwa miguu na kwa treni kwenda Tanga kukata mkonge wa mabepari kama manamba. Alipokuwa akikata mkonge hakuna aliyemwuliza kama ni Mrundi! Sasa mjukuu wake akitaka kitambulisho, mkonge wote ule haumfai kitu. Ukishakubali kwamba mtu aweza kukamatwa kwa sura na kurushwa nje bila hakimu, umekubali kwa niaba yako na ya watoto wako, hata kama ulipoinua mkono ulimfikiria Mrundi.

Na ukionewa, utakwenda wapi? Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, katika ardhi yetu. Mkataba inaousimamia wakataza katika kifungu cha 12 kuwafukuza wageni kwa makundi. Lakini Novemba 2019 serikali ya Tanzania iliondoa tamko lake lililowaruhusu wananchi na vyama vyao kwenda kushtaki pale wenyewe. Jengo liko kwetu, na mwananchi amefungiwa mlango wake!

Kwa hiyo sisi hatuombi huruma. Twataka tamko lile lirudishwe. Twataka kila Mrundi na kila Mkongo aulizwe peke yake, na mtu mwenye kujua sheria, habari zake na sababu ya hofu yake, kabla hajapandishwa lori. Twataka waliotoweka mikononi mwa maaskari watajwe majina hadharani, na ndugu zao waambiwe walipo. Twataka Muha aulizwe kitambulisho kama anavyoulizwa Mchaga, si zaidi. Na wanachama wetu katika kata na vijiji, mtu akija usiku kutoka ng'ambo, msimfiche wala msimwuze: mpelekeni kwa mwenyekiti wa kijiji, andikeni siku na saa aliyofika na jina la aliyempokea, nakala ibaki kwenu. Mtu aliyeandikwa na watu watatu ni vigumu kutoweka.

Na mkimbizi wa Nduta au wa Nyarugusu atakaposema mwenyewe, nataka kurudi, tutamsindikiza mpaka Mugina na kumtwika mzigo wake. Akisema bado, basi bado.