Jalada Lisahihishwe Ndani ya Masjala

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Kwetu sisi tunaoishi mwambao na visiwani mwa Ziwa Victoria, daftari si la mali peke yake. Tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama ikiwa njiani kuja Mwanza, orodha yake ilionyesha abiria 443 wa daraja la kwanza na la pili. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha yoyote. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichojengwa kuchukua watu 101, kilipinduka karibu na Ukara na kuua watu zaidi ya 220. Mkata tiketi alikufa maji pamoja na abiria wake, na mashine iliyokuwa na hesabu ya safari ile ikapotelea ziwani.

Hatuyakumbushi hayo kwa nia ya kutonesha vidonda. Twayakumbusha kwa sababu yana funzo moja lisilozeeka: kumbukumbu iliyo mikononi mwa mtu mmoja huzama pamoja naye. Funzo hilo lawahusu leo watumishi wa ofisi za Serikali, wasiopanda kivuko ila mara chache.

Serikali imo katika kazi kubwa ya kuyahamisha majalada kutoka kwenye makabati na kuyaweka katika kompyuta. Sheria ya Serikali Mtandao ilipitishwa mwaka 2019, na Mamlaka iliyoundwa kwa sheria hiyo imetengeneza Mfumo wa Ofisi Mtandao, ambamo barua hupokewa, dokezo huandikwa na jalada hupelekwa kutoka meza hadi meza bila ya tarishi. Twaiunga mkono hatua hiyo. Mkazi wa Nansio anayesafiri majini saa tatu au zaidi kwenda Mwanza kuuliza habari za barua yake anajua kuliko mtu yeyote faida ya jalada lisilohitaji kuvuka ziwa.

Lakini chombo kipya hakiondoi nidhamu ya zamani. Katika masjala ya karatasi, kila barua ilipewa namba ya folio, na kila jalada lililotoka liliandikwa katika daftari la mwenendo wa majalada: limekwenda kwa nani, siku gani, na limerudi lini. Afisa hakuruhusiwa kwenda nalo nyumbani. Aliyetaka kusahihisha neno alilikata kwa mstari mmoja, akatia saini na tarehe, na neno la kwanza likabaki likisomeka.

Programu za kutunza nyaraka zimejengwa juu ya misingi hiyo hiyo. Afisa anapolifungua faili humo humo ndani ya programu ili alihariri, programu iliyopangwa vizuri hulifunga kwa wengine mpaka amalize, hutunza toleo la zamani kando ya jipya, na huandika jina lake na saa aliyofanya kazi. Hatari huanza pale afisa anapoinakili hati katika kompyuta yake mwenyewe au katika flashi, akaisahihisha huko, kisha akaituma kwa simu kwa mwenzake. Tangu hapo hati ni mbili, na masjala haina habari na ile ya pili. Flashi ikipotea au kompyuta ikiharibika, masahihisho yote yamekwisha.

Tuchukue mfano wa mjane wa mwalimu huko Ilangala anayefuatilia mafao ya marehemu mumewe. Jina la marehemu limeandikwa kwa herufi L mahali panapostahili R, kosa la kawaida sana katika sehemu zetu. Afisa mwema analisahihisha, lakini katika nakala iliyo mezani pake. Jalada lililomo ndani ya mfumo limebaki na kosa lake, na ofisi ya mbele inalikataa. Mama yule ataambiwa arudi, atatafuta nauli, atavuka, ataambiwa arudi tena. Wala hakuna aliyemwonea kwa makusudi. Amedhulumiwa na nakala mbili zisizojuana.

Watumishi wa visiwani watatujibu kwamba mtandao hukatika na umeme huzimika, nao hawawezi kuacha kazi wakaungoja. Hoja hiyo ni ya haki na haifai kupuuzwa. Hata hivyo dawa yake haiko kwenye flashi. Zipo programu zinazomwezesha afisa kuitoa hati kwa utaratibu: mfumo huandika kwamba hati imetoka na imo kwa fulani, huwazuia wengine kuigusa, na huipokea inaporudi. Utaratibu huo hauna tofauti na lile daftari la mwenendo wa majalada. Aitoaye hati bila ya kuiandikisha ndiye mwenye kosa.

Aidha, viongozi wasidhani kwamba hilo ni jambo la mafundi wa kompyuta peke yao. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, itazame jinsi ulivyotunzwa na jinsi ulivyolindwa usibadilishwe. Hati ya kiwanja au ya mirathi iliyopita katika simu tano itajibu nini mbele ya hakimu?

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, wakuu wa idara wakataze kuhariri majalada nje ya mfumo, na wao wenyewe wawe wa kwanza kutii. Pili, watunza kumbukumbu wa masjala, ambao mara nyingi husahauliwa wakati wa semina, wafunzwe kabla ya mabwana wakubwa, kwa kuwa wao ndio wanaoijua kazi yenyewe. Tatu, fedha za mtandao na umeme wa akiba zianze kupelekwa visiwani kabla ya ofisi zilizo jirani na barabara ya lami, kwani afisa asiye na mtandao anasukumwa kwenye flashi hata asipotaka.

Nao wananchi wa Ukerewe, Ukara na visiwa vingine wana wajibu wao. Ukipeleka barua, omba namba ya kumbukumbu. Ukiambiwa kosa limesahihishwa, uliza kwa upole limesahihishwa wapi: katika jalada, au katika nakala iliyo mezani pa afisa? Mtumishi mwadilifu hatachukizwa na swali hilo.

Ziwa limekwisha kutufundisha mara mbili thamani ya orodha. Haitupasi kungoja funzo la tatu litoke ofisini.