Watoto wa Namna Hii Ni Wangapi?

Wengi wenu mnamjua mtoto wa namna hii. Ana umri wa miaka mitatu au minne. Aitwapo jina lake haitiki, hata wazazi humdhani kiziwi. Kumbe kifuniko cha sufuria kikianguka jikoni, yeye hugeuka mara moja. Atapanga vizibo vya chupa mstari mmoja mchana kutwa, nawe ukikisogeza kimoja, atalia kana kwamba amechomwa moto. Jirani huyu atasema amelogwa, yule atamlaumu mama. Hali hiyo huitwa usonji. Si uchawi, wala haitokani na malezi mabaya wala na chanjo: ubongo wa mtoto umekua kwa njia nyingine tangu mwanzo.

Mwaka 1943, Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 tu, wavulana 8 na wasichana 3. Mwaka 1966, Victor Lotter alitangaza hesabu yake ya watoto wa miaka 8 hadi 10 katika Middlesex, Uingereza: alipata wanne au watano katika kila 10,000. Lakini serikali ya Marekani, ilipohesabu watoto wa miaka 8, ilipata mtoto 1 katika kila 150 mwaka 2000, na 1 katika kila 31 mwaka 2022. Wavulana huwapita wasichana zaidi ya mara tatu.

Je, ni tauni? Msiogope upesi. Watu wa kwanza waliwahesabu wale tu ambao hali yao ilikuwa nzito. Baadaye maana ya neno ilipanuliwa, wakaingizwa hata wale wasemao na kusoma vizuri, ila hawatambui mzaha, wala hawajui kucheza na wenzao. Tena walimu na madaktari wamefundishwa kuwatambua. Wataalamu wangali wanachunguza kama kuna sababu nyingine pia. Lakini tazameni jambo hili. Katika hesabu ile ile ya mwaka 2022, Laredo, katika Texas, ilipata mtoto 1 katika kila 103. Sehemu moja ya California ilipata 1 katika kila 19. Sidhani kwamba watoto wa Laredo huzaliwa na ubongo wa namna nyingine. Huko California watu wengi wamefundishwa kuwapima watoto wangali wadogo. Basi atafutaye ndiye aonaye.

Na kwetu? Shirika la Afya Ulimwenguni limekadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa kadiri hiyo, kijiji chenye watu 1,270 kingekuwa na kumi, wakubwa kwa wadogo. Wako wapi? Mmoja amefungiwa nyuma ya nyumba wageni wasimwone. Mwingine amepelekwa kwa waaguzi mara tatu. Na mwingine yuko darasani, kwenye dawati la mwisho, mwalimu akimwita mkaidi.