Prosesa Zilizokosa Watunzaji Ziondolewe

Kompyuta moja yaweza kuigiza kompyuta nyingine. Programu ya kazi hiyo husoma amri zilizoandikwa kwa ajili ya prosesa ya aina fulani, ikazitafsiri ziwe amri za prosesa iliyopo. Mojawapo ya programu mashuhuri za namna hiyo ni QEMU, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Mfaransa Fabrice Bellard. Kila mtu ana ruhusa ya kuisoma, kuirekebisha na kuigawa.

Watunzaji wa QEMU wameondoa prosesa kadhaa. Mwaka 2021 ziliondolewa LatticeMico32, Moxie na UniCore32. Mwaka 2024 zikafuata Nios II na CRIS, ambayo ilibuniwa na kampuni ya Axis ya Uswidi. Wako wanaouliza: sehemu iliyokwisha kuandikwa ina gharama gani ikiachwa mahali pake?

Gharama ipo. Kila kiini cha programu kinapobadilishwa, sehemu za prosesa zote hazina budi kurekebishwa na kujaribiwa upya. Asipokuwapo mtu aijuaye prosesa fulani, marekebisho yake hufanywa kwa kubahatisha. Orodha itaendelea kuitaja, lakini mwanafunzi atakayeitegemea atapata majibu yenye makosa, asijue kama kosa ni lake au ni la programu.

Uzembe wa namna hiyo una hatari pia. Mwaka 2015 iligunduliwa katika QEMU kasoro iliyopewa jina la VENOM. Ilikuwa katika sehemu inayoigiza kidhibiti cha diski laini, na ilikuwamo tangu mwaka 2004. Kwa kasoro hiyo, mtu aliye ndani ya kompyuta inayoigizwa angeweza kupenya hadi kwenye kompyuta halisi, hata kama mwenyewe hakutumia diski laini kamwe. Sehemu isiyoangaliwa na mtu ni mlango usio na bawabu.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kila kilicho cha zamani kitupwe. Prosesa ya Motorola 68000 ilitoka mwaka 1979, na jamii yake ingali inaigizwa na QEMU, ilhali Moxie na LatticeMico32, zilizozaliwa miaka mingi baadaye, zimeondoka. Kipimo cha haki si umri, bali ni kuwapo kwa watu walio tayari kuitunza.

Tena kuondoa kuna adabu yake. Kwa kanuni ya QEMU, kitu hutangazwa kwanza kwamba kitaondolewa, kisha huachwa kwa matoleo mawili, ili anayekihitaji ajitokeze. Baada ya hapo, matoleo ya zamani hubaki katika hifadhi, na mtafiti aweza kuyachukua, mradi akumbuke kwamba hayarekebishwi tena na hayafai kuunganishwa na mtandao. Pasipo tangazo na hifadhi, kuondoa kungekuwa uharibifu, kwa maana kumbukumbu nyingi husomeka tu kwa mashine zilizoziandika.

Walimu wa sayansi wafundishe jambo hili pamoja na hesabu za kompyuta. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Programu nayo ni mali: huhitaji daftari la kilichomo, na jina la mtu anayekiangalia.