Nyumba ya Mfano na Nyumba ya Mjane

Siku hizi zinasikika habari nyingi za nyumba za kisasa zilizobuniwa na wanafunzi wa usanifu majengo pamoja na wavumbuzi wengine. Watu huandaliwa ziara, huingia chumba baada ya chumba, huonyeshwa paa linalokusanya mvua na mitambo ya jua inayowasha taa, kisha hutoka wakisifu. Mwaka 2019 vyuo vya nchi mbalimbali vilishindana huko Benguerir, nchini Moroko, kujenga nyumba zinazotumia nguvu za jua. Kazi hiyo ni njema, nasi hatuidharau. Lakini sisi tunaoishi Musoma, Bunda na Butiama hatuna budi kuuliza swali ambalo wageni wa ziara hulisahau: nyumba hiyo ni ya nani?

Ndugu msomaji, tufanye kwanza ziara yetu wenyewe, isiyo na kiingilio. Tuanzie Musoma, ambako nyumba zimejibana kati ya majabali na paa nyingi ni za bati lisilo na dari. Mchana bati huwaka, na joto lake humfukuza hata mgonjwa kitandani. Usiku familia hufunga madirisha kwa kuogopa wezi na mbu, lakini mbu huingia kwa raha kupitia uwazi ulioachwa kati ya ukuta na paa. Tukielekea Bunda tutaona matanuru ya matofali, na pembeni yake magogo ya miti iliyokatwa ili kuyachoma. Kila nyumba bora ya tofali la kuchoma imekula miti ambayo mtoto wa mwenye nyumba atakuja kuitafuta asiione.

Je, maarifa ya wasanifu yanaweza kutusaidia? Bila shaka yanaweza, na ushahidi uko hapa hapa nchini. Katika kijiji cha Magoda, Mkoa wa Tanga, zilijengwa nyumba sita za mfano, na baadaye, mwaka 2020 na 2021, zikajengwa nyumba 110 katika vijiji 60 vya Mtwara. Nyumba hizo za Mtwara ni za ghorofa moja juu, zimezibwa kwa wavu unaopitisha hewa na kuzuia wadudu, zina choo safi na tangi la maji ya mvua, na watu hulala juu. Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Mbu wa malaria hupenda kuruka karibu na ardhi, na upepo wa juu hupoza chumba, hivyo mtu hulala ndani ya chandarua bila kutokwa jasho. Watafiti walifuatilia afya ya watoto kwa miaka kadhaa, wakaona kwamba waliolala katika nyumba hizo waliugua malaria mara chache kuliko majirani zao wa nyumba za kawaida.

Hata hivyo, hapo ndipo dhamiri inapotuhoji. Familia zilizopewa nyumba hizo zilipatikana kwa bahati nasibu. Kwa utafiti, utaratibu huo ni wa haki, kwa kuwa haukumpendelea mtu. Kwa taifa, afya ya mtoto haiwezi kuachwa iamuliwe kwa kura. Ikiwa tumekwisha kujua kwamba ukuta, wavu na paa ni kinga sawa na dawa, basi makao duni si bahati mbaya ya maskini, bali ni dhuluma tunayoivumilia.

Wengine watasema kwamba nyumba za namna hiyo ni ghali, na kwamba Mara si Mtwara. Ni kweli. Lakini hatulazimiki kuiga nyumba nzima ili tufaidike na akili iliyomo. Kuziba uwazi wa darini kwa wavu ni kazi ya siku chache. Tofali la kufungamana, ambalo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umelitangaza kwa miaka mingi, hutengenezwa kwa udongo na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha hukomaa kwa kunyunyiziwa maji pasipo kuchoma hata kuni moja. Na maji je? Paa la mita 6 kwa 8 likipata mvua ya milimita 800 kwa mwaka hupokea lita 38,400. Tukipoteza hata robo yake, zinabaki lita 28,800, yaani ndoo 1,440 za lita ishirini ambazo mama na binti zake hawatazibeba kichwani. Kinachohitajika ni mfereji wa bati, tangi lenye mfuniko, na uangalifu wa kumwaga maji ya mvua ya kwanza yanayoosha paa.

Jambo la pili tunalopaswa kukumbuka ni kwamba nyumba haijengwi kwa amri. Wazee wetu wanaikumbuka Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, ambapo familia nyingi za Mara zilihamishwa, nyingine kwa nguvu, zikaacha maboma yao. Nia ya kuwapatia wananchi shule, maji na zahanati ilikuwa nzuri, lakini mtu aliyeng'olewa kwake hakuipenda nyumba mpya kwa sababu hakuulizwa. Tunayasema haya pasipo kupunguza heshima yetu kwa Mwalimu aliyezaliwa na kuzikwa Butiama. Linganisheni na Francis Kéré wa Burkina Faso. Alipokuwa bado mwanafunzi wa usanifu huko Berlin alichangisha fedha za kujenga shule ya kijiji chake, Gando. Wanakijiji walisomba mawe na kufyatua matofali ya udongo kwa mikono yao, na shule ikakamilika mwaka 2001. Mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker, ambayo ni heshima kuu ya wasanifu duniani. Msanifu aliyesikiliza kijiji aliacha nyuma yake mafundi.

Sasa turudi kwenye swali letu la mwanzo. Katika mkoa wetu neno nyumba limebeba mengi. Kwa mila ya nyumba ntobhu, mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke mwenzake ili apate mrithi na nyumba yake isife. Hatuitaji mila hiyo ili tuihukumu leo, bali kwa sababu inatufunulia hofu kubwa ya mama ambaye, asipokuwa na mwana, hana mahali. Tunawajua wajane waliobeba maji ya kufyatulia matofali, wakapika chakula cha mafundi, kisha baada ya matanga wakaambiwa kwamba nyumba ni ya ukoo. Je, mjane huyo atafaidika nini na wavu, tangi na taa ya jua, ikiwa ataondolewa vyote vikiwa vipya?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume, nayo inazibatilisha mila zinazomnyima haki hiyo. Hatimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya mume na mke. Sheria ipo, kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kumsindikiza mama hadi ofisi ya kijiji, na ujasiri wa kusema mbele ya wazee wa ukoo.

Tunapendekeza basi kwamba kila Jumuiya Ndogo Ndogo ichague nyumba moja mwaka huu, ikiwezekana ya mjane au mzee asiye na msaada. Fundi atoe siku yake, vijana wafyatue matofali, wasomi wetu walioko vyuoni walete ramani na wakubali kusahihishwa na mwenye nyumba. Kabla ya tofali la kwanza kuwekwa, viongozi walei wahakikishe jina la mama huyo limeandikwa kwenye hati. Nyumba hiyo ikimalizika, na waje wageni kutoka popote kuitembelea. Mwenyeji atawakaribisha mwenyewe, naye hatakuwa na hofu ya kuulizwa nyumba ni ya nani.