Nyumba Zilizozika Watu 2004 Hazikuwa na "Damu Mbaya"

Kaa kidogo karibu na magunia ya ndengu sokoni Kathonzweni, Makueni, watu wakianza kuzungumzia magonjwa, utasikia kwamba familia zilizozika watu wawili watatu mwaka 2004 zilikuwa na damu mbaya ya ukoo. Hapana. Mwaka ule Makueni, Kitui na wilaya jirani ziliandikisha wagonjwa 317 wa sumukuvu (aflatoksini), 125 walifariki. Watu wa boma moja waliugua pamoja kwa sababu ghala lao lilikuwa moja: mahindi yalihifadhiwa kabla hayajakauka, yakaota kuvu yenye sumu hiyo. Zaidi ya nusu ya sampuli za mahindi zilizochukuliwa masokoni zilivuka kiwango cha sumu kilichoruhusiwa.

Jeni zinahusika, ila si hivyo. Kimeng'enya kimoja cha ini huigeuza sumukuvu kuwa kali zaidi, kingine huizima, na kasi ya kazi hizo mbili hutofautiana mtu na mtu. Hata hivyo, kilichojitokeza wazi kwa wagonjwa wale ni virusi vya homa ya ini B, vilivyopatikana kwao zaidi kuliko kwa majirani zao wazima. Virusi huambukizwa, na chanjo yake ipo.

Wapo wasemao Waafrika ni damu moja, basi akipimwa mmoja wamepimwa wote. Hili linaniudhi zaidi, maana hata wasomi hulisema. Abakaviri, dawa ya VVU, huweza kumletea mzio wa hatari mwenye jeni ya aina ya HLA-B*57:01. Kwa Wamaasai wa Kinyawa waliopimwa, takriban nakala 14 katika kila 100 za jeni hiyo zilikuwa za aina hii. Kwa Waluhya wa Webuye, 3 tu. Kwa Wayoruba wa Ibadan, hata moja. Mkamba wa Makueni naye asikopeshwe hesabu ya Mmaasai eti kwa kuwa wamepakana.

"Kidonge kilichomfaa jirani kitanifaa." Huenda. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, hupungua kwa nusu mwilini mwa mmoja kwa saa 1 hivi, kwa mwenzake saa 3, kutegemea jeni ya NAT2. Huyo wa polepole ndiye hufa ganzi miguu upesi.

Basi tusimeze kitu mpaka tupimwe jeni? Wala. Isoniazidi hutolewa pamoja na vitamini B6 ya kukinga ganzi hiyo, na hakuna anayeulizwa jeni zake kwenye dirisha la dawa.