Msichana na Mpira wa Vikapu: Hii Pia ni Kazi

Nimeishika kalamu ili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo limenikera kwa muda mrefu. Jambo lenyewe ni hili: mvulana akicheza mpira husemwa ana kipawa, lakini msichana akicheza mpira huambiwa anapoteza wakati.

Sisi tunaosoma shule za kutwa tunajua mambo yalivyo. Kengele ya saa kumi ikilia, wavulana hukimbilia kiwanjani. Msichana naye anawaza maji ya kuteka, sukuma wiki ya kukatakata na mtoto wa kuchukuliwa kwa jirani. Akibaki kudunda mpira hata nusu saa, maneno yanamngoja mlangoni. Mimi huulizwa na shangazi yangu, "We msichana, huo mpira utakupikia ugali?" Ukifika kidato cha tatu ndiyo basi kabisa. Unaambiwa michezo iishie hapo, KCSE inabisha hodi.

Swali la shangazi si la kipuzi, na sitaki kulikwepa. Nitalijibu kwa kutazama maisha ya mwanamke mmoja ambaye mpira wa vikapu ulikuwa ndiyo kazi yake. Nimemchagua kwa sababu maisha yake hayana sukari tupu. Mna asali na mna shubiri.

Mwanamke huyo ni Sheryl Swoopes wa Marekani. Alizaliwa mwaka 1971 katika mji mdogo wa Brownfield, jimbo la Texas. Alilelewa na mama yake, na mpira alijifunza kwa kucheza na kaka zake. Alipomaliza shule alijiunga na chuo kikuu kikubwa kule Austin, lakini hakudumu. Alikumbuka nyumbani mno, akarudi baada ya siku chache tu. Wengi wangesema amekwisha. Kumbe sivyo! Aliingia chuo kidogo karibu na kwao, akakaa miaka miwili, kisha akahamia Chuo Kikuu cha Texas Tech. Mwaka 1993 timu yake iliishinda Ohio State 84 kwa 82 katika fainali ya vyuo vya Marekani. Katika zile pointi 84, yeye peke yake alifunga 47! Alimpita hata Bill Walton, aliyefunga 44 katika fainali ya wanaume mwaka 1973.

Bila shaka msomaji unadhani kesho yake alipewa mkataba mnono. La hasha! Wakati huo Marekani haikuwa na ligi kubwa ya wanawake ya kulipwa. Mvulana mwenye kipawa kama chake angeingia NBA na kuwa tajiri. Swoopes alilazimika kuvuka bahari kwenda Bari, Italia, akacheza mechi chache na kurudi kwao. Hapo ndipo ninapowauliza wale wanaosema mpira haulipi wasichana: je, ni mpira uliokataa kuwalipa, ama ni watu?

Maana milango ilipofunguliwa, mambo yalibadilika. Mwaka 1995 kampuni ya Nike ilitengeneza kiatu cha mpira wa vikapu kilichoitwa Air Swoopes. Alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo. Mwaka 1996 alishinda dhahabu ya Olimpiki mjini Atlanta, na akashinda tena mwaka 2000 na 2004. Mwaka 1997 ligi ya wanawake ya WNBA ilianza, naye akawa katika timu ya Houston Comets.

Sasa sikilizeni sehemu inayonigusa zaidi. Ligi ilipofungua pazia tarehe 21 Juni 1997, Swoopes hakuwa uwanjani. Alikuwa mjamzito, na siku nne baadaye alijifungua mtoto wa kiume. Wiki sita tu baadaye alikuwa amerudi kucheza, na mwisho wa Agosti Houston Comets wakatwaa kombe. Walilitwaa tena 1998, 1999 na 2000, mara nne mfululizo. Mwaka 2001 aliumia goti vibaya, akakosa msimu mzima. Mwaka 2002 akarudi na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi, kama alivyokuwa amechaguliwa mwaka 2000 na kama alivyochaguliwa tena 2005.

Nesi akijifungua kisha akarudi wadini, tunasema amerudi kazini. Mwalimu akivunjika mguu kisha akarudi na magongo, tunasema anapenda kazi yake. Kwa nini basi huyu tuseme amerudi kucheza-cheza? Mtu anayeamka alfajiri kufanya mazoezi, anayeumia akiwa kazini, anayeacha mtoto mchanga nyumbani ili mshahara upatikane, huyo ni mfanyakazi. Ama kwa hakika, hii pia ni kazi.

Lakini nilisema mna shubiri. Mwaka 2004, akiwa bado nyota na medali zake shingoni, Swoopes alikwenda mahakamani kutangaza kwamba amefilisika. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba alifanya maamuzi mabaya ya fedha na kuwaamini watu wasiofaa. Mwaka 2008 hata ile timu ya Houston Comets ilivunjwa, ikabaki jina. Yeye aliendelea hadi mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 40, katika timu ya Tulsa Shock iliyokuwa imepoteza mechi 20 mfululizo. Ni yeye aliyetupa mpira wa sekunde za mwisho uliowashinda Los Angeles Sparks na kukata ule mkosi. Mwaka 2016 jina lake liliingizwa katika Jumba la Heshima la mpira wa vikapu.

Najua kuna wenzangu, hasa pale nyuma ya darasa, ambao wakisikia habari za nyota wa Marekani wanataka kutupa vitabu leo leo. Hao nao nawapinga. Kufilisika kwa Swoopes kunatufunza kwamba mikono inaweza kuleta pesa na kichwa kikazipoteza. Tena pesa zenyewe za wanawake kwa miaka mingi hazikuwa nyingi kama watu wanavyofikiri. Caitlin Clark, aliyechaguliwa wa kwanza kabisa kuingia WNBA mwaka 2024, alilipwa mshahara wa dola 76,535 katika mwaka wake wa kwanza. Mvulana aliyechaguliwa wa kwanza kuingia NBA mwaka huohuo alipata zaidi ya dola milioni 10. Clark alipata fedha nyingine nyingi katika matangazo ya biashara, lakini si kila mchezaji anaitwa kutangaza biashara. Wengi walizoea kwenda Urusi, Uturuki au China ligi yao ikifungwa, ili kujazia mshahara.

Hali hiyo ilianza kubadilika kwa sababu wachezaji walitumia vichwa. Mwaka 2020 walitia sahihi makubaliano mapya na ligi, na katika makubaliano hayo mchezaji anayejifungua alipata haki ya kulipwa mshahara wake wote akiwa katika likizo ya uzazi. Rais wa chama cha wachezaji wakati huo alikuwa Nneka Ogwumike, binti wa wazazi kutoka Nigeria, aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Stanford. Huyo alijua kufunga vikapu na alijua kusoma mkataba. Hakuchagua kimoja akatupa kingine.

Basi maoni yangu ni haya. Kama mpira wa vikapu ni kazi, na tuutendee kama kazi. Hatumwambii anayetaka kuwa fundi asishike nyundo hadi amalize mtihani. Samaki mkunje angali mbichi. Msichana anayeacha kucheza miaka miwili akingoja KCSE, akirudi atakuta wenzake wako mbali.

Kwa walimu wetu, naomba wasichana wapewe kiwanja siku mbili kwa juma, kwa ratiba iliyobandikwa ukutani, si kungoja wavulana wachoke. Naomba pia tusikatazwe kucheza ati kwa sababu tumefika kidato cha tatu. Anayeshuka katika masomo aitwe aulizwe, awe mvulana awe msichana. Na katika somo la Biashara tufunzwe mkataba ni nini, kodi ni nini na akiba huwekwaje, kwa maana hata aliyefunga pointi 47 katika fainali alihitaji kuyajua hayo.

Kwa wazazi, nasema kwa heshima: ndugu zetu wa kiume wana mikono. Mtungi wa maji haujui ni nani aliyeubeba. Kaka akiteka maji Jumanne na Alhamisi, dada atapata saa moja ya mazoezi na bado atafika nyumbani kabla ya giza.

Na kwenu wasichana wenzangu, msidanganyike kwamba kila mmoja wetu atakuwa Swoopes. Wengi wetu hatutalipwa hata shilingi kwa mpira. Lakini huwezi kujua ni nani kati yetu angelipwa kama sote tunatolewa kiwanjani kabla ya kujaribiwa. Mchezeni mpira kwa bidii, na jioni mfungue vitabu kwa bidii hiyohiyo. Atakayetuletea mkataba siku moja atukute tunajua kuusoma, kabla hatujatia sahihi.